Mkono wa Onuma na Namba ya Saa Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa chumbani na bosi niliyekuwa nimemjua kwa saa mbili tu. Ilikuwa Tanga, kwenye timu ya mpira wa miguu iliyokuwa ikisuasua daraja la pili, nami nimetoka chuoni na cheti changu nimekikunja mara nne mfukoni. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mchua misuli. Ninyi vijana mnaosomea fiziotherapia hapa Minneapolis na Saint Paul mnafundishwa kwa mashine zenye vioo na taa, kwa hiyo niwaeleze. Mchua misuli ni yule anayemlaza mchezaji mezani, akapaka mafuta viganjani, akatafuta kwa vidole mahali palipokaza. Vifaa vyetu vilikuwa viwili, vidole na subira, na hicho cha pili nilikuwa sina.

Daktari wa timu alikuwa mtu mnene aliyependa kukaa kwenye kigoda kisichomtosha. Aliniagiza nikamuulize beki wetu wa kushoto hali ya goti lake. Nikaenda, nikauliza, nikarudi.

"Amesemaje?"

"Amesema yuko poa, Daktari."

"Nimekuuliza amesemaje. Sijakuuliza amekusalimiaje."

Sikumwelewa. Akanitoa nje na kuniambia nisirudi bila jibu. Nikakaa na yule beki kwenye ukuta wa uwanja, nikamuuliza habari za nyumbani, za mtoto wake aliyekuwa na surua, za mechi ya Jumapili. Muda ukapita. Ndipo akasema, "Ila hili goti, ndugu yangu, nikilikunja linanichoma huku nyuma." Nikarudi mbio. Daktari hakunisifu. Alisema, "Kwetu hakuna anayeanza na ugonjwa. Mtu ana msiba nyumbani, ukimuuliza habari atakwambia nzuri. Ngoja hiyo 'ila' itoke. Ikishatoka ndipo uanze kazi."

Naandika haya kwa hasira, nisiwafiche. Wapo wakubwa nitakaowataja kwa vyeo vyao, na hao nina hasira nao. Yupo mwingine ambaye hasira yangu kwake ni kubwa zaidi, naye mtamjua tukifika.

Nilipokuja Minnesota cheti changu cha Tanga hakikuwa na maana kwa mtu yeyote. Nikasoma upya, mtu mzima na ndevu zangu, nikakaa darasani na watoto waliokuwa wakila biskuti mwalimu akifundisha. Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kwenye kliniki moja ya Plymouth, nikihudumia migongo ya watu wa viwanda na maghala. Msimamizi wa kliniki alikuwa mama mkali ambaye hakucheka nami hata mara moja, lakini alikuwa mkweli. Mgongo mmoja ulipewa dakika kumi na tano. Nikimwambia huyu bado hajasema linalomsumbua, aliangalia saa, akapiga mluzi mdogo, akaniongezea tano. Dakika hizo tano nilikuja kuzikumbuka sana.

Nilipotimiza miaka hamsini nikaajiriwa na Korongo. Ilikuwa timu ya besiboli ya ligi ndogo, yenye uwanja wake Inver Grove Heights, karibu na mto. Msiitafute, haipo tena. Wachezaji wake walikuwa wa aina mbili: vijana waliotarajia kupanda kwenda ligi kubwa, na watu wazima walioshuka kutoka huko wakiamini watapanda tena.

Kwa asiyeujua mchezo huo, yote yanaanza mkononi mwa mtu mmoja. Anaitwa mrushaji. Anasimama juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mdakaji aliyechuchumaa mbele yake, na kati yao anasimama mpigaji mwenye gongo. Mrushaji anatupa kwa nguvu zake zote, mara themanini, tisini, mia, siku moja. Kiwiko hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Kwa ndani kuna kano fupi, utepe tu, unaoshikilia mfupa wa juu na wa chini visiachane, na kila mpira unaorushwa unauvuta utepe huo. Ndio niliolipwa kuutunza.

Mutiso, Mkamba wa Kitui, ndiye aliyekuwa akitengeneza kile kilima na nyasi za uwanja. Siku yangu ya kwanza pale alinionya. "Mzee, hapa kila kitu ni system. Ukikohoa, unaingiza kwa system. Hawa watu wana-trust tablet kuliko macho yao."

Hakunidanganya. Mkuu wa Tiba alikuwa kijana nadhifu aliyeweza kukutajia jina la kila msuli, ila sikuwahi kumwona akimgusa mtu. Alikuwa na sheria moja. Kabla ya saa nne asubuhi kila mrushaji ataje namba, sifuri mpaka kumi, ya maumivu ya mkono wake. Mimi niiandike kwenye kishikwambi, niweke sahihi, na saa nne wakubwa wakutane na namba hizo. Wachezaji walikuwa wakipanda meza yangu baada ya hapo. Kwa hiyo namba ilikuwa ikiandikwa kabla sijamgusa mtu.

Onuma alikuja mwezi wa nne, theluji bado imeganda pembezoni mwa uwanja. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwao Japani alikuwa amerusha misimu kumi katika timu kubwa, na watu walilipa viingilio kuja kumwona yeye. Silaha yake ilikuwa mpira anaoubana kati ya vidole viwili vilivyopanuliwa, shahada na cha kati. Ukitoka mkononi unakuja moja kwa moja, na ukimfikia mpigaji unazama ghafla kama umekanyaga shimo. Alikuwa amemwomba mkewe mwaka mmoja tu. Alitaka kurusha katika ligi kubwa ya Marekani, hata mechi moja, ndipo arudi nyumbani akapumzike.

Kila kitu huku kilikuwa kinyume na mkono wake. Kwao mrushaji wa kuanzisha mechi hupanda kilimani mara moja kwa wiki. Huku ni kila siku ya tano. Mpira wa kwao ni mdogo kidogo na unashikika, lakini wa huku unateleza, basi inabidi uukamue, na ukiukamua kwenye baridi unaukaza mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Halafu yeye alilelewa kwenye mazoezi ya kurusha kila siku, mamia kwa mamia, kwa imani kwamba mkono unajengwa kwa kazi. Kocha wa Warushaji alimpiga marufuku. "Mkono una idadi ya mipira ndani yake," alikuwa akisema huku akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. "Ukiitumia mazoezini, umeipoteza." Onuma aliitikia kwa kuinama, kisha akaenda nyuma ya ghala la Mutiso kurusha mpira ukutani. Walikuwa wakibishana mfumo gani ni bora, wa huku au wa kule, na mkono wenyewe ulikuwa mmoja.

Wiki ya kwanza aliniuliza kwetu mdogo anamsalimuje mkubwa. Nikamfundisha. Tangu hapo kila asubuhi alifika mlangoni, akavua kofia, akainama, akasema kwa sauti nzito ya Kijapani, "Shikamoo, Mzee." Neema, binti yangu niliyemzaa, nikimtaka aamkie wageni ananijibu kwa Kiingereza akiwa ngazini. Huyu alitoka ng'ambo ya bahari nyingine na hakukosa hata siku moja. Nilimpenda bure.

"Marahaba. Mkono vipi?"

"Sifuri, Mzee."

Nikaandika sifuri. Saa nne ikapita, akapanda mezani, nikaanza kumchua. Haikuchukua muda nikaona huyu ni wa kwetu kabisa. Dakika kumi alikuwa kimya. Tukaongea kwa kile Kiingereza chetu cha kuokoteza, juu ya supu ya mama yake, juu ya mke wangu anayelima sukumawiki kwenye ndoo Lakeville. Halafu, nikiwa nimeshamsahau, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kidogo, Mzee. Hapa." Ikawa hivyo kila siku. Sifuri yake ilikuwa salamu. Hali yake ilikuja baadaye, mezani, na wakati huo mkutano umekwisha na namba imeshafungwa.

Nilimwendea Mkuu wa Tiba. Nikamwomba niruhusiwe kuuliza baada ya kuchua.

"Tunahitaji namba kabla ya mkutano," alisema.

"Namba hiyo si ya kweli."

"Ameisema yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi ni ya kweli. Sisi hatuandiki hisia za mfanyakazi."

Nikajaribu kumweleza habari ya salamu zetu, na kwamba Wajapani nao hawamtangulizii mkubwa malalamiko. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri lifti. Kisha akaniuliza kama nimeshakunja taulo.

Agosti ikafika, wiki za mwisho za msimu. Ikajulikana kwamba mtu wa ligi kubwa anakuja kumwangalia Onuma, kazi yake ikiwa kutembea nchi nzima akitafuta vipaji. Onuma alikuwa amerusha siku nne tu nyuma. Asubuhi ile alivua kofia, akaniamkia, akasema sifuri. Nikaandika saa tatu na nusu. Siku hiyo mkutano ulisogezwa mbele kidogo kumngoja Meneja wa timu, basi nikamlaza mezani mapema.

Nilipogusa ndani ya kiwiko nilijua. Pamevimba, pana joto, na ile kano ilikuwa imelegea. Sikumuuliza. Nikaendelea na bega, nikaongea habari za mvua. Akasema, "Kidogo, Mzee. Vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi. Tangu jana." Kisha akaongeza, "Kesho kutwa nitapumzika. Leo ndiyo siku yangu."

Nikanawa mafuta, nikaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Tiba.

"Asirushe leo."

Akafungua kishikwambi. "Umeandika sifuri."

"Niliandika sijamgusa. Sasa nimemgusa, na ameniambia ana ganzi. Kano imevimba, naisikia."

"Vidole vyako haviingii kwenye ripoti," alisema. "Tumuulize mwenyewe."

Tukaingia chumba cha mkutano. Alikuwepo Kocha wa Warushaji na maganda yake, alikuwepo Meneja wa timu aliyekuwa ametoka kupokea simu ya yule mgeni. Onuma akaitwa. Akaingia, akasimama wima, mikono pembeni, kama mtu aliye mbele ya bendera. Wale watatu walikuwa wamekunja mikono vifuani.

"Onuma, mkono vipi? Una maumivu yoyote?" akauliza Mkuu wa Tiba.

Alinitupia jicho mara moja tu. Kisha akasema, "Hakuna. Sifuri. Niko tayari." Akainama.

Wote wakanigeukia mimi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipowaletea. Kwetu humuumbui mtu mzima mbele ya wakubwa wake. Aliloniambia mezani aliniambia kama mdogo anavyomwambia kaka mkubwa, na kama ningefungua kinywa ningemfanya mwongo mbele ya waliomwajiri, siku ya maisha yake. Nilimstahi. Hilo ndilo jina zuri la nilichofanya. Jina lake la kweli ni kwamba niliufyata. Nilitazama zulia nikasema, "Kama mwenyewe amesema."

Maneno hayo matatu nimeyatafuna miaka yote hii na hayajalainika. Daktari wangu wa Tanga angenitoa nje, na safari hii asingeniruhusu kurudi. Niliijua ile sifuri kuwa salamu, nilikuwa mtu pekee chumbani aliyejua, na nikaipokea kama jibu. Wale watatu walikuwa wajinga wa jambo lile. Mimi nilikuwa na elimu yake yote.

Alirusha vizuri, ndilo linaloniuma. Mipindo mitatu, yaani zamu tatu za wapigaji, hawakumgusa. Mgeni alikuwa ameketi nyuma ya wavu akiandika. Katika wa nne Onuma alibana vidole viwili, akarusha, na mpira ukaenda juu sana, ukampita mdakaji. Hakupiga kelele. Aliuangalia mkono wake kama umeulizwa swali. Kisha akainama, akaokota kwa mkono wa kushoto kile kifuko cha unga wa kukaushia vidole, akakiweka sawasawa mahali pake, akakiinamia kilima na kuondoka uwanjani. Yule mgeni akafunga daftari. Mutiso alisimama kando ya nyasi na reki yake, hakuniangalia.

Kano ilikuwa imekatika. Wiki iliyofuata tukaitwa mkutanoni tena. Mkuu wa Tiba aliwasha mashine ya kuonyesha picha ukutani, na ukuta mzima ukajaa sifuri. Sifuri ya mwezi wa nne, ya wa tano, mpaka asubuhi ile, na chini ya kila moja sahihi yangu. Kocha wa Warushaji akasema mtu huyu ametuficha. Meneja akasema timu haiwezi kulaumiwa, na kwamba mkataba wake utasitishwa. Mtu ameungua mkono kwenye moto wao, na wao wanapima nani alishika kiberiti.

Nilisimama. Nikamwambia Mkuu wa Tiba, "Nilikuja ofisini kwako. Nilikuambia asirushe."

"Uliniambia," alisema, wala hakukasirika. "Tukamwita. Akakana mbele yako, ukakubali."

Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, kwa sababu alikuwa amesema ukweli.

Tulipotoka nje Mutiso aliniambia, "Mzee, wame-protect karatasi, si mtu. Lakini hiyo karatasi ulisign wewe." Nikamwambia najua.

Nilimpeleka Onuma uwanja wa ndege mimi mwenyewe, mkono wake ukiwa kwenye kitambaa shingoni. Tulipofika mlangoni aliweka begi chini, akainama sana, akaniomba radhi. Yeye, kwangu. Alisema amenisababishia usumbufu kazini. Nilirudi Lakeville nikalia kwenye maegesho, na mke wangu akatoka na kanga begani, akakaa kiti cha pembeni. "Baba Neema," alisema, "ulimwambia samahani?" Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeziacha adabu zake zizibe zangu.

Nilibaki Korongo miaka mingine saba. Mtauliza kwa nini, na jibu ni kwamba nilikuwa na nyumba na uzee. Lakini sikuandika namba tena kabla ya kumchua mtu. Kwenye kisanduku nilikuwa naandika neno "bado". Mashine ilikataa neno, ilitaka namba, basi saa nne ikafika kila siku na nafasi yangu iko tupu. Nilipewa barua ya onyo, halafu ya pili. Mwishowe wakampa mwingine kishikwambi, nami nikarudishwa kwenye taulo. Nilizikunja vizuri. Na warushaji wakajua wenyewe kwamba ukitaka kusema, nenda pale kwenye taulo. Wawili niliwapeleka hospitali kwa gari langu, bila ruhusa ya mtu.

Siku ya kustaafu walinifanyia sherehe ya keki. Mkuu wa Tiba, ambaye wakati huo alishapandishwa cheo, alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote kumbukumbu zangu zilikuwa safi. Watu wakapiga makofi. Nikapewa jezi kwenye fremu ya kioo. Iko gereji, imegeukia ukuta. Nilipewa nafasi ya kusema neno nikasema asanteni, na nikiwa njiani kurudi nyumbani nikajitukana, maana nilikuwa nimewajibu salamu kwa salamu kama kawaida yangu.

Sasa mnaniomba nasaha, maana mzee akistaafu lazima atoe nasaha. Sina nyingi. Msiandike kabla ya kugusa. Mgonjwa akikwambia mzima, vuta kiti. Na mkiwa chumbani na wakubwa, na mnalijua jambo, lisemeni hata kama mwenye mwili wake atawanunia mpaka kufa. Heri akununie na mkono wake mzima.

Jumapili iliyopita simu iliita tukiwa tunakunywa chai. Namba ndefu, ya nje.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Onuma. Mkono vipi?"

"Mzuri, Mzee. Sifuri."

Nilimwonyesha mke wangu kwa kidole azime televisheni, akazima. Onuma akaniambia anafundisha timu ya akina mama wa mtaani kwao, na mmoja wao ana miaka sitini na anamshinda kwa ubishi. Tukacheka. Nikamuuliza supu ya mama yake, akasema mama amefariki, nikampa pole. Akauliza kama theluji imeanza. Nikamwambia bado. Halafu hatukuwa na la kusema, na mimi sikuaga.

"Lakini kidogo, Mzee," akasema. "Asubuhi, vifungo vya shati, mke wangu ndiye anayenifungia."

"Nimekusikia," nikamwambia. "Na siku ile nilijua, Onuma. Nilijua na nikanyamaza. Nisamehe."

Nilimngoja. Nikatazama saa ya ukutani. Tangu aliponiambia sifuri zilikuwa zimepita dakika sita. Siku ile mkutano ulikuwa na nusu saa nzima, na mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwake.